Barua kutoka Bergen: Begi Lake Alibebe Mwenyewe

Ndugu zangu wa nyumbani,

Jumapili usiku, nikiwa naanika makoti yaliyolowa mvua, mdogo wangu wa Dar es Salaam alinitumia picha ya ripoti ya mwanawe. Wa 41 kati ya 52. Chini yake akaweka ujumbe wa sauti wa dakika tatu: amemzuia kuangalia katuni, amemtafutia tuisheni ya pili, na amemwambia mbele ya wadogo zake kwamba yeye ni kilaza. Nilipousikiliza mara ya pili ndipo nikaisikia sauti ya mtoto mwenyewe, kwa mbali, akiuliza: "Kwani huko kwa mjomba watu wanapangwa?"

Hapana, mpwa wangu, hawapangwi. Na swali lako limeninyima usingizi, kwa hiyo leo nitawasema wakubwa zako.

Binti yangu yuko darasa la tano. Shule za msingi za Norwei hazitoi alama kabisa. Mtoto huanza kuziona akifika darasa la nane. Mara mbili kwa mwaka mzazi huitwa kuzungumza na mwalimu, na mtoto mwenyewe hukaa hapo hapo, akisikia yote anayosemwa. Mara ya kwanza nilikaa nikisubiri namba. Mwalimu alifungua daftari la hesabu kwenye swali la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Binti alikuwa amelifanya mara tatu, mbili amekosa, na makosa yote yalikuwa pale pale, hayakufutwa. Mwalimu akamuuliza, "Hapa ulipokwama, ulifanya nini?" Mtoto akaeleza kwamba alichora mkate akaukata vipande, akaona vipande havilingani, akaanza upya. Robo saa nzima ikaishia kwenye swali hilo moja. Nikauliza: sasa huyu ni wa ngapi? Mwalimu hakunielewa. Niliporudia, akasema hajui, hajawahi kuwapanga.

Kwa nini hawapangwi nilikuja kulielewa nje ya darasa, mvuani na mlimani. Bergen inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo ukingoja jua watoto watazeekea ndani. Wa chekechea wanavalishwa mavazi ya mvua kuanzia shingoni hadi miguuni, wanatolewa nje, wanapanda mawe, wanachonga vijiti kwa visu vya kweli. Nilipomwona mtoto wa miaka mitano ameshika kisu, nilinyanyuka nimnyang'anye. Mwalimu alikuwa amekaa karibu yake ametulia: mtoto hachongi akiwa anatembea, na makali huelekezwa nje ya mwili. Kanuni hizo ameshazishika, basi anaachwa achonge.

Juu ya mji huu kuna mlima uitwao Ulriken, mita 643. Una njia ya ngazi za mawe zinazopita elfu moja, zilizojengwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Binti alipokuwa na miaka minane tuliupanda na majirani. Katikati ya njia akakaa juu ya jiwe akalia. Mimi nikachuchumaa nimbebe mgongoni, kama nilivyozoea. Jirani yangu, mzee wa makamo, akanishika bega. Akampa mtoto kipande cha chokoleti, akanyamaza naye dakika kadhaa, kisha akamuuliza: unaliona jiwe lile? Tukifika pale, wewe ndiye utakayeamua. Alilifikia. Akachagua jingine, akalifikia pia. La tatu akasema basi, anataka nyumbani, na sote tukashuka naye bila neno.

Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, zilizoenezwa nchi nzima baada ya Pasaka ya 1967, ambapo watu wengi walifia milimani. Ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Nilipoisoma niliwaza shule zetu, ambako anayeshindwa mara moja hubandikwa jina la kudumu. Wiki mbili baada ya kugeuka kwetu Ulriken, binti mwenyewe ndiye aliyeuliza tunarudi lini. Alifika kileleni akiwa amebeba begi lake.

Sasa nisikilizeni. Mtoto wa mjini kwetu anaamshwa, anaogeshwa na dada akiwa na miaka tisa, begi linabebwa hadi kwenye basi la shule, na swali gumu linafanywa na mwalimu wa tuisheni ili daftari lipendeze. Tunamwondolea kila kidogo kinachomshinda. Halafu siku moja tunamkalisha mbele ya mtihani wa darasa la saba na kumwambia maisha yake yote yako hapo. Atautoa wapi uvumilivu, wakati hatujawahi kumwacha akwame hata kwenye kufunga kamba za viatu? Wala msinijibu kwamba sisi tulitembea kilomita saba na njaa. Tulitembea, na wenzetu wengi waliishia njiani, kwa sababu hakuna mkubwa aliyekaa nao juu ya jiwe. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, nami nikashangilia huku ugenini. Kumbe orodha ilihamia sebuleni kwenu.

Mdogo wangu, fanya hivi. Tuisheni ya pili ifute. Jioni kaa na mtoto kwa swali moja tu, na umwache ahangaike nalo dakika kumi kabla hujafungua mdomo. Likimshinda, alieleze kwa sauti mahali alipokwama, kisha mlale, mtalirudia kesho. Asifute makosa. Mpe kazi ya nje inayochukua muda, iwe mchicha wa kumwagilia au kuku wa kulisha, na siku akisahau usimfanyie. Mwalimu wake muulize anakwama wapi, usiulize nafasi. Na lile neno "kilaza", mwite mbele ya wale wale wadogo zake ulifute.

Desemba nakuja. Mimi na mpwa wangu tutapanda treni ya SGR hadi Morogoro, tulale, na alfajiri tuukwee Uluguru kuelekea Morningside. Mnunulie viatu visivyoteleza. Maji yake na chapati zake atazibeba mwenyewe, na wewe, tafadhali, ukija, usimshike mkono mpaka auombe.

Wenu,
Mjomba