Korongo Jeusi la Gunnison: Ngome ya Mawe Yenye Mlango wa Maji

Magharibi mwa jimbo la Colorado, nchini Marekani, karibu na mji wa Montrose, ipo nchi ya nyanda za juu iliyojaa vichaka vya mialoni mifupi. Msafiri huenda bila kushuku lolote, na ghafla ardhi hukatika mbele ya miguu yake kana kwamba imepasuliwa kwa shoka. Chini kabisa, katikati ya kuta za mawe meusi, Mto Gunnison huonekana mwembamba kama uzi, na kishindo chake hufika juu kama mvumo wa upepo wa mbali.

Mahali hapo huitwa Black Canyon of the Gunnison, yaani Korongo Jeusi la Gunnison. Jina hilo halikutolewa bure. Kuta zimekaribiana mno hata zipo sehemu za chini ambazo hupata mwanga wa jua kwa dakika 33 tu kwa siku. Penye kina kirefu kupita pote, kutoka ukingoni hadi majini ni mita 830, na penye wembamba kupita pote, kuta mbili zimeachana kwa mita 12 tu pale chini. Mawe yenyewe ni ya kale sana, yapata miaka milioni 1,700, na ni magumu kama chuma. Mto umeyakata kwa muda wa miaka milioni 2 hivi, polepole, kwa kadiri ya unene wa kidole gumba katika kila miaka 100.

Wapo watu wanaoteremka katika shimo hilo kwa miguu wakiwa wamebeba fimbo nyembamba ya kuvulia, nao hufanya hivyo kwa ajili ya samaki mmoja: trauti.

Waliotangulia

Waute, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliwinda na kupita kandokando ya kingo zake tangu zamani. Humo ndani hazijaonekana dalili za watu kuweka makazi. Mwaka 1881 Waute waliondolewa kwa nguvu katika bonde la jirani la Uncompahgre na kupelekwa Utah, na nchi yao ikagawiwa walowezi wakulima. Lakini ardhi bila maji haimlishi mtu. Bonde lilikuwa kavu, na maji mengi yalikuwa yakipita bure upande wa pili wa mlima, ndani ya korongo lisilofikika.

Mwaka 1900 watu watano walijaribu kulipitia korongo kwa mashua mbili za mbao ili waone kama maji yake yanaweza kuchukuliwa. Walishindwa baada ya siku 21. Mwaka uliofuata mmoja wao, William Torrence, alirudi pamoja na mhandisi Abraham Lincoln Fellows. Safari hii hawakuchukua mashua. Walichukua godoro la mpira lililojazwa hewa, wakaweka mizigo yao juu yake, nao wakaogelea, wakatambaa na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Chakula kilipokaribia kuwaishia walimkuta kondoo wa mlimani, wakamwua kwa kisu. Katika muda wa siku 9 walikuwa wamesafiri kilomita 53, na habari waliyotoka nayo ilikuwa kwamba handaki linawezekana.

Handaki hilo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 9 lilichimbwa chini ya mlima kuanzia mwaka 1905, na watu 26 walipoteza maisha katika kazi hiyo. Rais William Howard Taft alilifungua tarehe 23 Septemba, 1909. Tangu siku hiyo sehemu ya mto huacha njia yake na kwenda kunywesha mashamba ya bonde.

Njia isiyo njia

Mvuvi wa leo huanza safari yake ukingoni, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya hapo hana budi kupata kibali kwa askari wa hifadhi, maana idadi ya watu wanaoruhusiwa kushuka kwa siku ina mpaka wake. Tena hana budi kuuliza hali ya njia yenyewe. Mwezi wa Julai 2025 radi ilianzisha moto mkubwa uliounguza ukingo wa kusini, na mlima ulioungua huangusha mawe kwa urahisi zaidi.

Njia inayotumiwa na wengi upande huo huitwa Gunnison. Urefu wake ni kilomita 1.6 tu, umbali ambao mtoto wa shule huutembea bila kulalamika. Lakini katika mwendo huo mfupi mtu huteremka karibu mita 550. Hakuna ngazi, hakuna vibao vya kuonyesha njia, wala hakuna anayeifagia. Ni mfereji wa mawe yanayotikisika chini ya nyayo. Kiasi cha theluthi moja ya safari umefungwa mnyororo wenye urefu wa mita 24 hivi, na hapo kila mtu hugeuka, akatazama jabali, akashuka kinyumenyume akiushika kwa mikono miwili.

Askari aliyewahi kupiga mguu milimani atazifahamu kanuni za huko bila kufundishwa. Watu hawaandamani wakiwa wamebanana, kwa sababu jiwe linalotoka chini ya buti la wa nyuma humwangukia wa mbele. Anayeangusha jiwe hupiga kelele papo hapo bila kuona haya. Kila mmoja hubeba maji yake, lita 4 au zaidi, na hujipima nguvu kabla ya kuanza, kwa kuwa msaada uko mbali na anayeumia hutarajiwa kwanza kujiokoa mwenyewe. Karibu na mto pia hustawi mmea unaowasha na kubabua ngozi kuliko upupu, wenye majani matatu matatu, na mahali pengine hufika kifuani. Wazoefu huvaa suruali ndefu hata katika joto la kiangazi.

Kushuka huchukua saa moja na nusu. Wakati wa kupanda, mtu hutumia saa mbili au zaidi, naye amekwisha kuchoka.

Wenye watoto wadogo wanayo njia nyingine. Ipo barabara iitwayo East Portal, yenye mteremko mkali na kona nyingi, ambayo kwa kawaida hupitika kwa gari wakati usio wa theluji. Hufika hadi mtoni, mahali lilipo lango la lile handaki. Hapo baba, mama na watoto huweza kuvua pamoja na kula chakula chao kivulini.

Nzi wa manyoya

Chini, mambo hubadilika. Hewa ni ya ubaridi, na maji ni maangavu na baridi sana, kwa kuwa hutoka katika mabwawa matatu makubwa yaliyojengwa upande wa juu wa mto. Uvuvi wa humo una sheria kali. Minyoo na chambo kingine chochote chenye uhai hakiruhusiwi. Mvuvi hutumia chambo cha kuigiza tu, na kinachopendwa zaidi ni nzi wa bandia, aliyefumwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana ndogo.

Nzi huyo hana uzito, hivyo hawezi kurushwa kama ndoana ya kawaida yenye risasi. Kinachorushwa ni kamba yenyewe. Mvuvi huipeleka nyuma, huingoja inyooke hewani, kisha huipeleka mbele, na nzi huifuata na kutua juu ya maji taratibu. Kazi hii haitaki nguvu za mabavu, bali kipimo na utulivu. Trauti hukaa nyuma ya mawe makubwa penye maji tulivu, kichwa akikielekeza mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Akiona kivuli cha mtu, hutoweka.

Mwezi wa Juni ndio msimu unaosubiriwa kuliko yote. Wadudu wakubwa wenye tumbo la rangi ya machungwa, ambao wameishi miaka mitatu au minne chini ya mawe ya mtoni, hutambaa hadi nchi kavu, wakajivua magamba na kuota mabawa. Wanaporudi kutaga mayai juu ya maji, hata trauti mzee mwenye hadhari nyingi husahau hadhari yake.

Adui aliyepita mlangoni

Trauti wa humo ni wa aina mbili, na wote walipandwa na binadamu. Wa kahawia asili yake ni Ulaya. Yule aitwaye wa upinde wa mvua, kwa sababu ya mstari mwekundu ubavuni mwake, asili yake ni mito ya pwani ya Pasifiki. Hao ndio pia waliopandwa na Waingereza katika mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa miaka mingi wa upinde wa mvua ndiye aliyekuwa fahari ya Gunnison. Kuta zilimlinda: mvuvi mvivu hakuweza kumfikia. Lakini katika miaka ya 1990 samaki hao walianza kutoweka. Hawakumalizwa na wavuvi. Kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, chenye asili ya Ulaya, kiliingia na maji. Hukaa kwanza katika mnyoo wa matopeni, kisha hushambulia gegedu za samaki mchanga, hata samaki huyo akaanza kuzunguka kama pia akiufuata mkia wake mwenyewe. Wachanga wakawa wanakufa, na wazee wakabaki bila warithi. Trauti wa kahawia, ambaye kizazi chake kilikwisha kuishi na kijidudu hicho huko Ulaya, alistahimili.

Wataalamu wa jimbo hawakukata tamaa. Walipanda samaki wenye damu ya jamii sugu iliyotoka Ujerumani, na baadaye, katika maji ya East Portal, wakapatikana trauti wa upinde wa mvua wanaozaliana wenyewe na kustahimili ugonjwa. Mayai yao yamekusanywa ili kulea samaki wa kupandwa katika mito mingine. Ndiyo maana trauti wa aina hiyo, akinaswa huko, hurudishwa majini akiwa hai, hata awe mnono namna gani. Wa kahawia huruhusiwa kuchukuliwa wachache kwa ajili ya kikaango.

Maji yenyewe nayo yalihitaji mtetezi. Baada ya mashauri ya miaka mingi kati ya wakulima, wenye mabwawa na watetezi wa hifadhi, mahakama ilithibitisha mwaka 2008 haki ya korongo kupata sehemu yake, pamoja na mafuriko ya kila majira ya kuchipua yanayosafisha mchanga na matope kati ya mawe. Mto usiofurika hujaza matope, na matopeni ndimo anamoishi yule mnyoo.

Jua linapoanza kuacha kuta za juu, mvuvi hukunja kamba yake na kutazama mlima unaomngoja. Hupanda kwa mikono na magoti, hupumzika, hunywa maji, hupanda tena. Afikapo ukingoni mfuko wake huenda ukawa mtupu, na jamaa zake wakamcheka. Lakini amewashika kwa mikono yake samaki waliokuwa karibu kwisha, akawarudisha majini, na kule chini gizani wangali wakitazama mkondo unakotoka. Huko ndiko ulikopita ugonjwa, na ndiko yanakopita maji yanayowapa uhai. Mlinzi wa korongo hilo hawezi kuridhika kwa kuhesabu urefu wa kuta. Kila siku hana budi kuulizia habari za mto upande wa juu.