Mtoto aliyebaki mezani pa Mama

Kwetu Mombasa, mtu akitamani mkate mayai jioni huenda kwa mama mwenye meza nje ya nyumba. Mama yangu ni mmoja wao. Donge la unga hutandazwa jembamba sana, huwekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa pembe nne na kukaangwa mteja akisubiri.

Watoto wanne tulisomeshwa kwa mkate huo. Watatu tuliondoka kutafuta kazi, dada akabaki. Ndiye hukanda unga mapema alasiri ili upumzike, na ndiye ajuaye mteja gani hali pilipili.

Mwaka jana miguu ya Mama ilipochoka, kaka alitaka mapato yagawanywe sawa kwa wote.

"Biashara ni ya familia," akasema.

Mama akamwuliza, "Nyama ya leo imenunuliwa kilo ngapi?"

Kaka akanyamaza.

Usiku huo tuliandika kwenye daftari: kwanza mahitaji ya kesho, pili mshahara wa dada, tatu dawa za Mama. Kikibaki ndipo tugawane. Dada alilia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na mshahara wake.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tuna mtoto kama huyu dukani au jikoni. Tukizoea kusema "anasaidia tu", tutamwachia ugomvi na ndugu zake siku tutakapokuwa hatupo. Tumpangie mshahara tungali hai, na ndugu zake wasikie.