Ziwa Lililogeuka Jiwe Huko Singida

Mtu afikaye Singida mjini mara ya kwanza huyatazama majabali. Yamesimama kando ya maziwa Singidani na Kindai, mengine yamepandana kama magunia ya uwele, hata mgeni huuliza ni nani aliyeyapanga. Leo tuyaache hayo, twende magharibi ya mji mpaka mahali paitwapo Mahenge. (Si Mahenge ile ya Ulanga, ambayo wengi wetu twaijua kwa jimbo lake.)

Juu ya ardhi huoni ajabu yo yote. Lakini chini ya udongo mna mawe laini yenye matabaka membamba, nayo yakipasuliwa taratibu hufunguka kama kurasa za kitabu. Ndani ya kurasa hizo mna samaki.

Wamefikaje humo, katika nchi kavu ya mtama na uwele? Yapata miaka milioni 46 iliyopita moto wa chini kabisa ulipanda kwa nguvu ukaipasua ardhi, kwa namna ile ile iliyozileta juu almasi za Mwadui. Likabaki shimo la duara, upana wake kama meta 400. Maji yakalijaza, likawa ziwa. Tope laini likazidi kutua chini, na samaki aliyekufa akazama akafunikwa. Mwisho ziwa likajaa tope, na tope likawa jiwe.

Wengine wakisikia habari za shimo la duara hudhani ni kazi ya kimondo. Hapa sivyo. Hata hivyo kimondo kimoja kinahusika. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe la angani, upana wake kama kilometa 10, liliangukia Meksiko likachimba shimo la kilometa 180 hivi, na madinosaria wakaangamia. Je, baada ya msiba ule ni viumbe gani waliokuja kuijaza Afrika? Kusini ya Sahara mawe yawezayo kujibu ni machache mno. Ya Mahenge ni miongoni mwao, maana yalifanyika miaka milioni 20 baada ya msiba huo.

Wamo samaki wa ukoo wa perege na sato. Mwaka 2000 walipewa jina Mahengechromis, nami nadhani mvuvi wa leo akiwakuta katika ndoo yake hatashtuka. Yumo chura, Singidella, aliyetangazwa mwaka 2005. Yamo na majani ya jamaa ya mgunga.

Anipendezaye mimi kuliko wote ni popo. Mwaka 2003 aliitwa Tanzanycteris mannardi, kwa kumkumbuka Mannard, mtaalamu aliyeyachunguza mawe ya Singida. Ndani ya sikio lake ile sehemu iliyojikunja kama konokono ni kubwa sana. Kwa hiyo wataalamu walitambua kwamba aliwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe, sawasawa na popo hawa wadogo watokao darini mwetu jioni kukamata wadudu. Fikiri, sikio la mnyama atoshaye kiganjani limesalia mpaka tukajua alivyosikia!

Basi aonaye umbo la samaki au jani katika jiwe asiligonge tena. Apawekee alama mahali pale, akamwambie mtendaji wa kijiji mapema, kwa sababu jiwe la namna hii likiachwa juani na mvuani hubanduka tabaka kwa tabaka likawa vumbi.