Kudos: sifa yenye kutolewa mbele ya watu

Kijana wa Goma akipata diplome yake, rafiki anamwandikia kwenye WhatsApp: «Kudos!» Neno hilo Waingereza walilikopa kutoka Kigiriki, na mwanzoni lilimaanisha utukufu. Herufi «s» ya mwisho si alama ya wingi.

Wanamuziki wa Kinshasa wana sifa ya aina nyingine: libanga, yaani jiwe kwa Lingala. Mwimbaji anataja jina la mtu ndani ya wimbo, na mara nyingi mwenye jina amelipa.

Tofauti iko hapo. Kudos inafuata kazi, hainunuliwi. Mwalimu wa kijijini hana franka za kununua libanga. Basi anayeona kazi yake aiseme waziwazi, mwalimu angali hai, asikie mwenyewe.