Ng'ombe wa Galana na Mbung'o wa Nyika

Mtu asimamaye Shimanzi, katikati ya matangi ya mafuta, maghala na reli, hapati sababu ya kufikiri habari za ng'ombe. Walakini kisiwa cha Mombasa hakina malisho, na nyama iliwayo humo haina budi kutoka bara. Avukaye Makupa hukuta kiwanda cha nyama cha Kibarani. Na mbali zaidi, nyuma ya Malindi, iko nyika ambako lilifanywa jaribio kubwa la ufugaji: Ranchi ya Galana.

Ukubwa wake ni kiasi cha eka milioni 1.5. Kisiwa chote cha Mombasa kingeingia humo zaidi ya mara 400. Mto uliompa jina huitwa Athi huko juu, Galana baada ya kukutana na Tsavo, na Sabaki ukikaribia bahari. Neno galana ni la Kioromo, nalo maana yake ni mto tu.

Wenyeji wa nyika hiyo walikuwa Waata, waitwao pia Waliangulu, hodari wa kuwinda ndovu kwa upinde mzito na mishale ya sumu. Mwaka 1957 Serikali iliwaandama vikali katika mbuga ya Tsavo, na wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango, chini ya Ian Parker, ili wapate kuwinda kwa ruhusa ya sheria. Haukudumu. Mwaka 1967 nchi ikakodishwa kwa kampuni ya Martin Anderson, Mmarekani wa Hawaii, ifuge ng'ombe na kuwapokea wawindaji wageni.

Kazi ilikuwa nzito. Maji ni haba, simba ni wengi, kwa hiyo kila kundi lililishwa na wachungaji mchana na kulazwa bomani usiku, kama wafugaji wa nchi walivyofanya tangu zamani. Katika miaka ya 1970 walijaribiwa hata choroa, pofu na nyati kufugwa pamoja na ng'ombe. Na kweli choroa alionekana kuhitaji maji machache kuliko ng'ombe. Kisha mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku katika Kenya nzima, na pato hilo likakoma.

Adui mkubwa, hata hivyo, hakuwa simba bali mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana. Ng'ombe wa ranchi walikuwa Boran wa mbegu bora, wanene, wa kupendeza macho, nao walihitaji sindano mara kwa mara. Hapo wataalamu wakawaangalia ng'ombe wa Waorma, majirani wa upande wa mto Tana, waliokwisha kuishi na mbung'o vizazi vingi. Katika miaka ya 1980 makundi mawili yakachungwa nyika moja na kupimwa damu. Ng'ombe wa Waorma waliugua mara chache zaidi, na wengi walipona kwa nguvu zao wenyewe. Mnyama ambaye mnunuzi wa mnadani angempita bila kumtazama mara mbili ndiye aliyeonekana kuijua nchi.

Ranchi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo mwaka 1989. Tangu mwaka 2014 sehemu yake imelimwa mahindi kwa maji ya mto.