Leseni ya Kompyuta Mpya

Hapa Bariadi wakisikia mzee amejiundia kompyuta, hudhani amesomea ufundi. Sivyo. Vipande vyake huuzwa kimoja kimoja. Mjukuu wangu alivinunua Mwanza, akavileta kwa basi, na kwa muda wa alasiri moja akawa ameviunganisha juu ya meza ya chakula. Mimi kilichonishughulisha ni swali lililofuata: je, Windows niliyokuwa nayo katika kompyuta ya zamani, ninaruhusiwa kuihamishia katika hii mpya?

"Babu, hilo halina shida," akaniambia. Alimjua kijana anayeuza namba za leseni kwa bei ya sahani ya wali na nyama. Nikamwomba tusome masharti kwanza.

Anayenunua Windows hanunui kama anunuavyo ng'ombe mnadani. Hununua ruhusa ya kuitumia. Jambo hili lisitushangaze sisi Watanzania, kwani Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, nasi tuna haki ya kuitumia tu. Sasa, ruhusa hiyo ina namna mbili kwa watu wa kawaida. Kuna inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, iitwayo OEM. Hiyo imefungwa na mashine ile ile, hasa ule ubao mkuu wa ndani, na mashine ikifa nayo imekwisha. Kuna pia inayouzwa peke yake dukani. Hii yaweza kuhama, mradi iondolewe kwanza ilikotoka.

Mwalimu mkuu yeyote aliyestaafu anaielewa tofauti hiyo. Nyumba ya shule ni ya cheo. Siku yangu ilipofika nilimkabidhi funguo aliyenifuata, na kitanda changu nikakipakia kwenye lori. (Nilistaafu nikiwa mtu wa Mkoa wa Shinyanga, 2012 nikajikuta mtu wa Simiyu bila kuhamisha hata kigoda.)

Kwa hiyo ilibidi tujue yangu ni nyumba au ni kitanda. Katika kompyuta ya zamani tukaandika amri fupi, slmgr /dli, na maelezo yaliyotokea yakawa na neno RETAIL, yaani ile ya dukani. Ndiyo Windows 10 aliyoninunulia binti yangu 2018. Ingekuwa OEM, ningelazimika kununua nyingine, na pensheni ya mwalimu inajulikana.

Mjukuu hakuridhika. Kampuni ile ni tajiri, alisema, haitasikia chochote. Nikamjibu kwamba mtoto aliyenakili hesabu za jirani yake sikuwahi kumuuliza kama jirani ni tajiri. Tena zile namba za bei ya wali aghalabu ni za makampuni na vyuo, zilizotolewa kwa mashine za taasisi moja tu. Baadhi ya leseni za namna hiyo hutaka kuthibitishwa upya na seva ya taasisi kila baada ya siku 180. Hoja hii ya pili ndiyo iliyomnyamazisha, nami sikuipenda sana sababu yake.

Tukaiondoa leseni kwa amri ya slmgr /upk, tukaweka Windows 11 katika mashine mpya, tukaingiza zile herufi na tarakimu 25. Ikakubali.

Ikabaki ile ya zamani. Haina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho Windows 11 hukidai, na Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tukaiwekea Ubuntu, ambayo haidai namba yoyote, nikampa mtoto wa jirani anayesoma sekondari. Siku ya tatu akarudi na swali.

"Shikamoo Babu. Hii programu naruhusiwa kumnakilia mwenzangu wa darasani?"

Nikamwambia anakili, na huyo mwenzake naye akitaka ampe mwingine.