Nilipoanza Kireno, nilianzia mezani pangu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii niliielewa barabara nilipoanza kujifunza Kireno katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu, Nyayo Highrise, jijini Nairobi.

Nilikuwa nikijiandaa kwa safari ya Msumbiji. Kila jioni nilifungua kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara, dirisha likiwa wazi na mabati ya Kibera yakimeta ng'ambo ya pili. Somo la kwanza lilihusu vifaa vya nyumbani. Niliposoma kwa sauti neno mesa, binti yangu wa gredi ya sita aliangua kicheko.

"Baba, hiyo si ni meza tu?"

Tangu hapo ukawa mchezo. Tulizunguka nyumba nzima tukimsaka Mreno. Kopo la maji, copo. Foronya ya mto, fronha. Bendera iliyochorwa kwenye daftari, bandeira. Leso ya mama yake iliyoanikwa kwenye kamba, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kuwa wanawake wa pwani walishona vitambaa vya aina hiyo pamoja wakapata vazi, nalo jina likabaki.

Furaha yangu ilikatizwa na mzee mmoja jirani, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeishi hapa kwa mwanawe. Nilimkuta kwenye ngazi, nikamwamkia, kisha nikajigamba kidogo.

"Wajifunza Kireno?" akauliza, akiegemea bakora yake. "Cha nini, mwanangu? Hao ndio walotutilia moto mji."

Sikuwa na jibu. Mzee hakutia chumvi. Mwaka wa 1505, Francisco de Almeida aliivamia Mombasa, na watu wake wakaupora mji na kuuteketeza. Usiku huo kitabu changu hakikufunguliwa.

Likizo ya Agosti ilipofika, tulipanda treni hadi Miritini, na kutoka hapo matatu ikatufikisha mjini. Asubuhi iliyofuata tulikuwa mlangoni pa Fort Jesus. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waingereza nao waliigeuza jela, wakafunga watu humo hadi 1958. Tangu 2011 imo katika orodha ya Turathi za Dunia.

Nilimweleza binti yangu kwamba wataalamu wa lugha husema neno gereza lilitokana na igreja, yaani kanisa. Akatazama zile kuta nene za mawe ya matumbawe, akaniuliza, "Kanisa liligeukaje jela?" Historia yote ya pwani ilikuwa ndani ya swali hilo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa baada ya kukosana na Wareno. Kijana akapelekwa Goa, huko India, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, akakijua Kireno vizuri. Wareno waliamini wamepata mtu wao. Lakini Agosti 1631, akiwa amerudi kutawala, aliingia ndani ya ngome hii, akamuua kapteni wao na kuitwaa. Simpambi: wengi waliuawa siku hizo, wakiwemo Waafrika waliobatizwa. Mwaka uliofuata aliiacha ngome, na Wareno wakarudi. Hawakung'olewa hadi 1698, Waomani walipoiteka baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Nikiwa juu ya ukuta ule, nikiitazama bahari, nilipata jibu la mzee. Yusuf alijua lugha ya waliomuua babake, lakini lugha hiyo haikumfanya kuwa wao. Nasi tumekula mezani miaka mia nne na zaidi bila kumwuliza Mreno ruhusa. Neno likishaingia nyumbani, ni la mwenye nyumba.

Tuliporejea Nairobi nilimpelekea mzee halua ya Mombasa na kumsimulia hayo. Alinyamaza kidogo.

"Basi jifunze," akasema. "Lakini ukifika huko ujue, hata jina la nchi yao lasemekana ni la Mwislamu wa pwani, Musa bin Mbiki. Mreno naye alichukua kwetu."

Kisha akavuta kiti. "Njoo, keti mezani, unywe kahawa."

Binti yangu alinikonyeza. Nikaketi.

Safari ya Msumbiji ingali mbele yangu. Nawe msomaji, kabla hujakata tiketi ya kwenda mbali, tembea kwanza chumba hadi chumba pamoja na wanao. Anzeni jikoni.